Dalali wa Shule Yetu

Dalali hakulipenda neno kuomba. Ukilitamka mbele yake alikunja uso mpaka kofia ikasogea. "Mwalimu," aliniambia juma la kwanza la kazi yake, "mwombaji ni mtu asiye na kitu. Sisi tuna shule. Mimi nitauza." Nikamuuliza atauza nini, maana shule yenyewe wakati huo ilikuwa vyumba vinne vya mbao na choo kilichoanza kuinama. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mteja asiyejua bei, akasema, "Nikijua nitakwambia." Kisha akaketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu bila kukaribishwa, akatoa kitambaa mfukoni na kuanza kufuta matope kwenye viatu vyake.

Hivyo viatu vilikuwa na sifa huku kwetu Tetu kuliko yeye mwenyewe. Vya ngozi, rangi ya kahawia, vyenye kisigino kilicholia kidogo akitembea. Alishuka basi Wamagana, akapanda vilima vyetu kwa miguu, mvua ikinyesha, udongo mwekundu ukishika mpaka kwenye kifundo, na bado alikataa katakata kuvaa gamboti. Nilimshauri mara nyingi. "Nikija na gamboti," alisema, "watadhani nimekuja kuwalimia." Akifika kwenye lango la mtu alisimama nje, akavifuta viatu kwanza, ndipo akabisha. Wanawake walikuwa wakimchungulia kutoka jikoni na kucheka, lakini nao waliharakisha kufagia ua.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitoka wapi. Watu wa Majengo pale Nyeri mjini huenda wanajua. Yeye mwenyewe alikuwa na majibu mengi: akiwa Othaya alisema bibi yake alikuwa wa Othaya, na akiwa Sagana alisema ameota meno akisikia treni ya Sagana. Mimi nilimjua kwa kazi na kwa kazi nitamweleza. Alikuwa Muislamu wa mjini, mpiga mnada wa ng'ombe na mali za watu, na sauti yake ikianza kunadi fahali sokoni, watu waliokuwa wakinunua vitunguu waliviacha wakaja kusikiliza.

Sasa nieleze shida iliyotufanya tumtafute mtu kama huyo.

Shule yetu ilikuwa ya wananchi wenyewe, si ya misheni na si ya serikali. Hapo hapo ilipojengwa palikuwa na shule nyingine zamani, ya mbao na mabati, iliyosimamishwa na wazazi wetu enzi za mkoloni kwa sababu walitaka watoto wasome bila kuambiwa wadharau kwao. Baba yangu alikuwa mmoja wa vijana waliopasua mbao zake. Hali ya hatari ilipokuja, serikali ikaifunga, ikaamuru ibomolewe, na mabati yakaenda kuezeka kituo cha mahomgadi, wale askari wa vijijini wa serikali. Mtu aliyepanda ngazi na nyundo kuyang'oa alikuwa Ndirangu, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, homgadi. Baba alikuwa kizuizini wakati huo. Aliporudi akaelezwa. Tangu siku hiyo hakumsalimia Ndirangu tena, wala Ndirangu hakupita mbele ya lango letu.

Na haikuwa wao wawili tu. Upande wetu wa mto, juu, walikuwa watu waliopigana na mkoloni msituni na waliofungwa kizuizini. Upande wa chini walikuwa wale waliosimama na serikali. Uhuru ulikuja, pande zote mbili zikaimba kwenye uwanja mmoja, kisha kila mtu akarudi nyumbani kwa njia yake. Watoto wao nilikuwa nikiwafundisha kwenye madawati yale yale. Wazazi wao walikuja shuleni kwa siku tofauti.

Basi mkaguzi wa elimu akaja. Akaingia darasani kwangu, akanikuta nafundisha sayansi kwa chupa za dawa ya kikohozi na mshumaa. Alikuwa mtu wa adabu, hakucheka. Lakini alisema wazi mbele ya kamati kwamba kama hatutakuwa na maabara ya mawe kufikia mwisho wa mwaka uliofuata, hatutaruhusiwa kuwa na kidato cha nne, na wale watoto wa kidato cha tatu watafute shule kwingine. Kwingine wapi? Hawa walikuwa watoto waliokosa nafasi kwingine, au waliokosa karo ya kwingine. Niliwajua wote na nyumba zao. Nilikwenda nyumbani siku hiyo sikula.

Tulijaribu harambee mara mbili. Ya kwanza, watu wa juu walifika mapema wakaketi mbele, wa chini wakaona hivyo wakageukia njiani. Ya pili, wa chini waliketi mbele, na wa juu wakakumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua. Ndipo mimi, niliyekuwa katibu wa kamati kwa sababu tu ya mwandiko, nikasimama nikasema tuajiri mtu. Mtu mzima, mwenye uzoefu, alipwe mshahara, kazi yake iwe michango peke yake.

Mwenyekiti wetu, mzee wa kanisa mwenye subira nyingi, alinigeukia. "Mwalimu, ati tulipe mtu ndio atuitishe pesa yetu wenyewe?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Wewe uko na akili, sikatai. Lakini hii maneno yako iko na shida."

Shida ilikuwa nayo kweli. Tulitangaza nafasi hiyo makanisani, kwa chifu na kwenye ubao wa posta mjini, na waombaji wakaja wenye vyeti vizuri na barua nzuri. Mmoja alikuwa amesoma ng'ambo. Mwingine alikuwa mhubiri mwenye ulimi mtamu ajabu. Lakini kila aliyeingia, kabla hajakaa, kamati ilikuwa imeshajua baba yake alikuwa upande gani, na nusu ya meza ikafunga midomo. Niliona kwa macho yangu watu wazuri wawili wakikosa kazi kwa mambo yaliyotendwa na wajomba zao. Dalali peke yake ndiye hakuwa na mjomba yeyote upande wowote wa mto ule. Nilimwandikia mimi, na nikamwambia Mwenyekiti kwamba huyu akishindwa, mimi nitajiuzulu ukatibu. Nilisema hivyo kwa hasira, lakini nilikuwa nimeshasema.

Siku ya kumhoji tulifanya kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio wangelifanya. Tulitaka kumheshimu. Mwenyekiti akamtoa mbuzi wake mnono, wazee wakamnyonga kama walivyozoea, nyama ikachomwa, na mgeni alipoketi akaletewa kipande cha kwanza cha mutura, matumbo yaliyojazwa damu na nyama, kwenye jani la mgomba. Wazee watatu walisimama wamemzunguka wakitabasamu. Mimi ndipo nikakumbuka ni Muislamu. Nilitamani ardhi inimeze.

Dalali aliangalia ule mutura, akaangalia zile nyuso. "Mwenyekiti," akasema, "hii ni heshima kubwa, na sina ruhusa ya kuila. Mna viazi?"

Viazi vilikuwapo, vitamu, vya kuchemsha, pamoja na chai. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu mpaka nikamwonea huruma. Dalali alikula kiazi chake taratibu, akapangusa vidole, akasema bila ubaya wowote, "Mnataka mtu wa kuwaleta watu mezani. Mimi nimekuja, na hakuna aliyeuliza ninakula nini. Si mimi tu. Nadhani hata ng'ambo ya mto hamjawauliza." Mzee mmoja akaguna. Kisha Dalali akaanza kutuhoji yeye. Hakuuliza nani tajiri. Aliuliza nani hajawahi kutoa chochote, na kwa nini. Wa juu wakataja wa chini, wa chini wakataja wa juu, sauti zikapanda, na yeye akasikiliza yote hayo akinywa chai. "Basi," akasema walipochoka, "hao wote nitaanza nao."

Tulikwama kwenye malipo. Mwenyekiti alipendekeza apewe sehemu ya kila atakacholeta, kama wanavyolipwa madalali wote, ili asipoleta asile. Sisi tulidhani ataruka kwa furaha. Alikataa. Alitaka mshahara wa mwezi, sawa na wa mwalimu mkuu, mvua inyeshe isinyeshe. "Mkinilipa sehemu," alisema, "nitawapenda matajiri peke yao. Nitapita nyumba ya mjane nikiwa nimeangalia juu." Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Apewe."

Nilipomweleza Baba nyumbani, aliweka chini panga alilokuwa akinoa. Baba aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Maitu," akasema, "mumeleta Muislamu wa mjini anifundishe mimi kupenda shule yangu?" Nikasema hapana, Baba. Akarudia kunoa. Alisema pia kwamba mahali pale hatakanyaga maadamu mtu fulani anakanyaga, na hakuhitaji kumtaja huyo mtu.

Nimewahi kufanya kazi na watu wengi waliosoma kuliko Dalali na wapole kuliko Dalali. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye masharti kama yeye. Sharti lake kubwa lilikuwa hili: hapokei kitu siku ya kwanza. Ungekuwa na noti mkononi, ungekuwa umemshika kuku miguu, angekuambia, "Leo nimekuja kukusalimu tu." Mwanzoni nilipandwa na wazimu. Mwaka ulikuwa unakwenda, mkaguzi alikuwa hasahau, na huyu bwana anakunywa chai kwa watu na kurudi mikono mitupu. Nilimwambia hivyo barazani. Akanijibu kwamba mtu akitoa siku ya kwanza ametoa ili uondoke.

Chai aliipenda kupita kiasi, na ya wenyewe, maana katika miaka yote hiyo hakumnunulia mtu hata kikombe kimoja. Alikuwa bahili, tena bahili asiyeona haya. Alibeba mayai ya kuchemsha kwenye gazeti na hakumgawia mtu. Mtu aliyeuza ng'ombe maisha yake yote aliwaogopa ng'ombe. Akikutana nao njiani alipanda ukingo na kusimama kama amekuja kutazama mandhari, huku ameshika kofia. Wachungaji wa kanisa walimpenda, nao walikuwa wakibishana naye kuhusu dini mpaka wanachelewa ibada zao. Saa ya swala ikimkuta kiwandani kwa kahawa, wanawake wanaochambua kahawa walimfagilia pembe moja ya sakafu, na baadaye ile pembe ikawa yake, hakuna aliyeweka gunia hapo. Alikuwa na hasira za karibu. Kijana akimwita "Mzee Mchango" alimfukuza kwa maneno makali, kisha baada ya dakika anamuuliza amesoma mpaka wapi.

Kwa matajiri alikuwa mkali zaidi. Tulikwenda naye Sagana kumwona mtu wetu mmoja aliyekuwa na malori, aliyekuwa maarufu kwa kutoa noti kubwa mbele za watu na kwa hotuba ndefu kabla ya kuitoa. Tulimkuta amejiandaa. Alikuwa hata amevaa tai.

"Niambie unataka ngapi," alimwambia Dalali.

"Pesa yako sitaki."

Yule tajiri aliona ametukanwa. "Unasema niko maskini?"

"Ninasema uko na lori. Nataka lori moja, kila Jumamosi, mpaka nikwambie basi. Na dereva wako, sio wewe."

Alitufukuza kwa adabu. Njiani kurudi nilinuna, nikamwambia Dalali ameharibu, kwamba zile noti tungezitumia. Yeye alikuwa anakula yai. Jumamosi ya kwanza tulipolihitaji, lori lilifika, na mwenye lori alikuwa ndani yake, amekaa karibu na dereva, na tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuja kusema hadharani kwamba wazo lilikuwa lake.

Lori hilo lilikuwa la kubebea mawe, kwa maana Dalali alikuwa ameshajua cha kuuza.

Ilikuwa hivi. Kamati, baada ya miezi ya kufikiri, ilikuwa imepata suluhisho: siku ya harambee tuweke mabeseni mawili, moja la watu wa juu, moja la watu wa chini, asionekane mtu akiweka pesa yake juu ya pesa ya adui. Mwenyekiti alikuwa na fahari sana na mabeseni yake. Dalali alisikiliza, akasema, "Mwenyekiti, nikiweka mabeseni mawili nitakujengea shule mbili." Akasema hataki beseni hata moja kwa sasa. Kila boma lilete jiwe. Jiwe la kujengea, lililochongwa, kutoka kwenye machimbo, na mtu alibebe mwenyewe mpaka barabarani lori lilipo. Jiwe halina sura ya mtu, alisema, na likishaingia ukutani halitoki.

Machimbo ya karibu yalikuwa kando ya mto. Shamba lilikuwa la Ndirangu.

Sijui Dalali alikwenda kwa Ndirangu mara ngapi. Najua alirudi siku moja amechoka, akaniambia Ndirangu amekubali kutoa mawe bure, lakini amesema, "Hakuna mtu wa huko juu atashuka hapa. Wananiogopa, na mimi nawaogopa." Na huku juu, Baba ndiye waliyekuwa wakimsubiri. Baba asingeshuka, na Baba asiposhuka hakuna ambaye angeshuka. Niliona wazi kwamba kidato changu cha nne, watoto wangu wote wale, kilikuwa kimekwama katikati ya wazee wawili, mmoja wao akiwa anakula ugali mezani pamoja nami kila jioni. Nilimsihi Baba. Nilimlilia. Aliniambia nisilete maneno ya shule ndani ya nyumba.

Dalali alimtembelea Baba. Mara ya kwanza walizungumza habari za nyuki. Mara ya pili, nyuki tena. Mara ya tatu nilikuwapo, nikimimina chai. Dalali alikunywa, akasifu chai, akasimama kuaga, na akiwa tayari mlangoni akasema:

"Fundi anaanza kuchimba msingi kesho, Mzee. Wanataka maabara ikae pale pale ilipokuwa shule ya zamani. Mlango utazame mto, kama ile ya kwanza."

Baba alikuwa amekaa. "Utazame nini?"

"Mto."

"Nani amesema mlango ilitazama mto?"

"Ndirangu."

Baba alisimama. "Ndirangu hajui kitu. Mlango ilitazama mlima. Mimi ndio nilipigilia hiyo mlango misumari. Ukitoka darasa asubuhi unaona mlima kwanza, ndio tulitaka hivyo."

"Mimi sikuwako, Mzee," Dalali alisema. "Na fundi ameambiwa na mtu mmoja tu." Akavaa viatu vyake vizuri, akaenda zake. Hakumwalika, hakumsihi, hakumwomba kitu.

Asubuhi Baba alivaa koti lake la Jumapili, akachukua fimbo, akatoka kabla sijamaliza kuwasha moto. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika uwanjani, Ndirangu alikuwa ameshafika, amesimama na fundi karibu na kamba za kupimia. Dalali alikuwa ameketi juu ya rundo la mchanga, anafuta viatu.

Baba hakumtazama Ndirangu. Alimtazama fundi. "Mwambie huyo mtu mlango ilikuwa hapa," akapiga fimbo chini.

Ndirangu naye akamgeukia fundi. "Mwambie huyo mzee hapo ilikuwa dirisha."

Maskini fundi, kijana wa watu kutoka Othaya, aligeuza kichwa huku na huku. Wakamtumia hivyo kwa muda, mwambie hivi, mwambie vile, sauti zikipanda, mpaka Baba akasahau. Akamgeukia mwenyewe, uso kwa uso. "Ndirangu, wewe utajuaje? Wewe hukujenga. Wewe ulikuja kubomoa."

Nilisikia maji ya mto. Nilidhani tumekwisha.

"Ndiyo," Ndirangu akasema. "Nilibomoa. Ndio maana najua. Nilitoa mabati, halafu nikatoa mlango na hii mikono yangu." Akainyoosha, mikono mikubwa ya mkulima, akaitazama kama si yake. Kisha akageuka, akaanza kutembea pale kwenye nyasi, hatua kwa hatua, anahesabu kimoyomoyo, mahali palipokuwa na ngazi, mahali alipoweka mbao. Mawingu yalikuwa yameondoka mlimani. Akasimama, akainua uso, akakaa hivyo. "Uko sawa," akamwambia Baba. "Nilikuwa nimebeba mlango kwa mgongo, na nikaona mlima. Mto ilikuwa dirisha."

Baba aliinama, akachukua kigingi na nyundo ya fundi, akakipigilia pale pale alipokuwa amepiga fimbo. Kilipokaa akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia. "Lete ile ingine," akasema. Ndirangu akamletea.

Baadaye nilimuuliza Dalali kama alijua yatakuwa hayo. Akasema hakujua chochote, ila kwamba kulikuwa na watu wawili tu duniani walioijua ile nyumba ubao kwa ubao. Akasema pia kwamba alikuwa na hofu, kisha akauliza kama nina chai.

Jumamosi ya mawe ikaja, na sijaona siku kama ile tena. Baba alishuka mtoni wa kwanza. Nyuma yake wakashuka wa juu wote, wazee kwa vijana, na wanawake wenye kamba za kubebea kuni vichwani, wakakuta wa chini wamesimama kwenye machimbo na patasi zao. Hakuna aliyetoa hotuba. Jiwe linatoka mkono wa mtu wa chini linaingia mgongoni kwa mtu wa juu, na kilima kile ni kikali, na mtu aliyebeba jiwe hana pumzi ya kukumbuka ugomvi. Dalali alipanda juu ya mwamba karibu na lori, akaanza kunadi. Ile sauti ya sokoni. Alitaja kila boma lililoleta, na alinadi jiwe la bibi mmoja mzee, dogo kama kigoda, kwa maneno matamu mpaka bibi mwenyewe akaanza kucheza na wengine wakamfuata. Watu wa kanisa waliimba nyimbo zao, watu wa msituni wakaimba zao, na mchana ulipofika zilikuwa zimeshachanganyika, hujui nani ameanzisha upi. Mwenyekiti alinishika mkono akasema, "Mwalimu, hii maneno yako haikuwa na shida." Nilicheka na kulia pamoja, na sikujali nani ananiona.

Lile rundo lilipanda juu kuliko paa la darasa langu. Zikafuata Jumamosi nyingine. Pesa za saruji na mabati, zilizokuwa zimetushinda, zikaja zenyewe baada ya hapo, kwenye beseni moja, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa tayari kuona jiwe lake likinyeshewa bila paa. Mkaguzi alirudi, akazunguka maabara, akagonga ukuta kwa vidole, akafungua mlango akauona mlima. Aliandika sahihi yake papo hapo mezani kwangu. Na kidato changu cha nne kikafanya mtihani mle ndani, watoto wa juu na wa chini, na katika sayansi tukaipita shule moja kubwa ya zamani ambayo sitaitaja, wanajua wenyewe.

Dalali alikaa nasi miaka mingi. Tulijenga mabweni, tukajenga ukumbi, tukavuta maji, na kila mwaka alituomba nyongeza ya mshahara kwa ukali ule ule. Kisha siku moja akaiambia kamati kwamba sasa watu wanaleta kabla hajafika, na yeye hawezi kulipwa kwa kunywa chai. Walimsihi. Akakataa, akachukua kofia yake, akarudi mjini.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye, mimi nilikuwa mwalimu mkuu tayari, na nilikuwa na gari dogo lililozoea kuzima kilimani. Nilimkuta mjini amezeeka, miguu imevimba, lakini viatu vinang'aa. Akasema anataka kumsalimia Baba. Nikampeleka. Alilalamika juu ya gari langu njia nzima.

Tulipofika langoni, aliyetoka ndani ya nyumba kutupokea hakuwa Baba. Alikuwa Ndirangu, bila koti, miguu mitupu, ameshika taulo la jikoni.

"Karibuni," akasema. "Mwenye boma amelala kidogo. Magoti imemsumbua. Ingieni, chai iko."

Dalali alisimama pale uani. Mimi nilishazoea kumkuta Ndirangu pale, nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu ambaye hajaona. Nilimtazama akimtazama yule mzee mlangoni kwa baba yangu. Nikajifanya natafuta ufunguo wa gari.

Ndani, sauti ya Baba ikatoka chumbani, nzito ya usingizi. "Ndirangu, ni nani huyo?"

"Ni yule Dalali."

"Mpe ile kiti nzuri."

"Kiti nzuri nimekalia mimi," Ndirangu akamjibu. Akamvutia mgeni kigoda karibu na moto, akamimina chai, akaionja, akatikisa kichwa. Kisha akaenda kabatini akatoa sukari, na hakumuuliza mtu inawekwa wapi.